Ubao wa Subira

Muhula mzima chumba cha wagonjwa kilikuwa kitupu, na Mudiri, mkuu wa shule, hakuchoka kulisifia jambo hilo mbele ya wageni. Sifa zilikuwa zake kweli. Yeye ndiye aliyetundika Ubao wa Subira mlangoni mwa bwalo. Msichana asiyelalamika wala kuomba dawa, jina lake lilibaki. Aliyeomba, lilifutwa wenzake wakitazama.

Mlezi wa bweni hakuwa mtu wa kurukia mambo. Aliangalia kwanza. Jumamosi, siku ya kufua, alizihesabu foronya kama kawaida yake, akapata sitini na tatu badala ya sitini na nne. Iliyokosekana aliikuta chini ya godoro la Kasuku, imekakamaa kwa usaha.

Walimwita Kasuku kwa sababu aya akisomewa mara moja tu aliirudisha bila kukosea. Siku hizi alikuwa amehamia mstari wa mbele darasani, macho hayabanduki midomoni mwa mwalimu. Mwalimu aliiita bidii.

"Sikio gani?" mlezi alimuuliza, akimwangalia usoni.

"Yote mawili, Mama. Tangu mwezi uliopita. Lakini usiseme! Zimebaki wiki mbili tu muhula uishe, jina langu lisije likafutwa sasa."

Damu ilimpanda mlezi kichwani. Aliingia ofisini kwa Mudiri bila hodi, jambo ambalo kwa miaka tisa hakuwahi kulifanya, akaitandaza foronya mezani.

"Mama Mlezi! Uchafu gani huu?"

"Ndiyo subira yako hiyo, Ustadhi. Inuse."

"Taratibu, mama yangu. Watoto wa siku hizi laini mno. Tukiwazoesha kudeka..."

"Nani anadeka? Mtoto anavuja usaha mwezi mzima, na wewe unamtundika ukutani kama pambo! Mtume ametuamrisha tujitibu. Hadithi hiyo ilikosa nafasi kwenye ubao wako?"

Mudiri alivuta ndevu. "Mbona anasoma vizuri? Juzi tu nimemsikiliza mwenyewe."

"Ulikuwa umekaa mbele yake. Leo kaa nyuma."

Kasuku aliitwa, akasimama katikati ya ofisi, mikono imeshikana. Mudiri alimzunguka, akasoma mwanzo wa aya kwa sauti ya darasani, akangoja airudishe. Kasuku aliendelea kutazama mbele. Akasoma tena, kwa nguvu, hata karani wa chumba cha pili akachungulia.

Msichana alimtazama mlezi. "Mama," alinong'ona, "Ustadhi ataanza saa ngapi?"

Mudiri aliketi. Alipapasa mezani, akatafuta funguo za gari. "Hospitali nitawapeleka mwenyewe."

"Na ubao?"

"Tukirudi, mama."

"Sasa hivi."

Akaenda kuung'oa kwa mikono yake, wasichana wakimtazama na sahani zao za chakula cha mchana. Hakuna aliyecheka. Aliuegemeza ukutani, majina yakiwa yameelekea ndani, akaliendea gari.

Mlezi alimpandisha Kasuku kiti cha nyuma, akakaa ubavuni mwake, akamshika mkono. Hasira ilikuwa imeanza kumtoka. Gari lilipogeuka kuelekea getini, alikitupia jicho chumba cha wagonjwa. Mlangoni palikuwa na foleni. Mmoja ameshika tumbo, mwingine anachechemea, wa tatu amejifunga kitambaa shavuni. Aliwahesabu: kumi na mmoja, na bwaloni walikuwa bado wanatoka.

Hasira ikarudi yote.