Bunduki Nzima

Bunduki kumi na tisa za kituo cha walinzi wa hifadhi zilikuwa na umri mkubwa kuliko wengi wa waliozibeba. Zilikuwa za kujipakia zenyewe: unavuta kifyatulio, risasi moja inatoka, ya pili inapanda bila kuombwa. Zimenyeshewa, zimeburutwa matopeni, mojawapo iliwahi kukaliwa na mkuu wa kituo garini, na bado zilipiga. Fundi wao, mwanamke wa makamo aliyeitwa Mama Grisi kwa kuwa mikono yake haikutakata hata siku ya harusi ya bintiye, alizisifu kama mtu anayesifu wakwe wenye adabu. Ukimuuliza habari zake, angekueleza mpaka ukumbuke una shughuli nyingine.

Kwa hiyo iliposemwa kwamba namba kumi na moja imegoma, alichukia.

Walinzi wawili walikuwa wamekutana na nyati aliyejeruhiwa. Mmoja, waliyemwita Mpole, alipiga risasi moja, basi. Nyati akamkanyaga mwenzake, ambaye ni kaka wa mkewe Mpole, akamvunja nyonga na mguu. Mpole aliapa kwamba alivuta, akakoki upya, akavuta tena, kimya. Bunduki ikaletwa karakana. Mama Grisi akaipiga risasi ishirini kwenye tuta la mchanga, isikwame hata moja. Akaandika maneno mawili: bunduki nzima.

Maneno hayo yakapata miguu. Kituo kizima kikajua kwamba Mpole alikufa ganzi kwa woga. Shemeji yake akasema hataki kumwona. Mke, aliyebanwa katikati, alifua nguo za wote wawili na hakusema na yeyote.

Wiki ya tatu Mpole alifika karakana kurudisha vifaa, kwani alikuwa ameandika barua ya kuacha kazi. Akaweka mezani mkanda, chupa ya maji na magazini mbili, vile visanduku vya chuma vinavyobeba risasi. Mama Grisi alipokea bila kumtazama usoni.

"Labda wanasema kweli, Mama," Mpole alisema. "Kila nikikumbuka, naona kidole kimevuta. Lakini siku hizi sijiamini tena."

Kwa mazoea tu fundi alikuwa amebonyeza magazini moja kwa dole gumba. Kibati cha ndani, kinachosukuma risasi juu, kilishuka, kisha kikapanda kwa uvivu, kama mtu aliyeitwa kuosha vyombo. Akauliza kama ndiyo ya siku ile. Mpole akasema ndiyo hiyo.

Mama Grisi akageuka. Ukutani, kwenye msumari, ilining'inia magazini ya karakana, karibu mpya. Kwa miaka tisa alikuwa akijaribia bunduki zote kwa hiyo moja. Walinzi walileta bunduki tu, magazini zao zikabaki mikandani mwao, naye aliona ni haraka zaidi. Miaka tisa alikuwa akikagua bunduki kumi na tisa na magazini moja.

Akachukua namba kumi na moja, akapachika magazini ya Mpole, wakaenda kwenye tuta. Risasi ya kwanza ikatoka. Ya pili haikupanda. Kifyatulio kikalia tik. Akakoki, tik. Alirudia mara tano, na haya ni lazima yasemwe, kila mara akiomba moyoni ipande. Haikupanda.

"Ulivuta, mwanangu," alisema. "Ulifanya kila kitu. Springi ya magazini imechoka, na mimi ndiye sikuikagua."

Mpole alikaa juu ya debe la mafuta akalia bila kuficha uso. Mama Grisi alitaka kumshika bega, akatazama mikono yake, kisha akamshika hivyo hivyo.

Ripoti mpya aliiandika siku hiyohiyo, baada ya kukagua magazini zote za kituo. Mkuu wa kituo akamshauri aseme ni uchakavu wa kawaida, maana vyuma ni vya zamani, nani atashangaa? Alikataa. Palipoulizwa kosa ni la nani, akaandika jina lake.

Kesho yake mchana alikwenda hospitali. Yule shemeji alilala na mguu ukiwa umefungwa plasta mpaka kiunoni. Fundi alimweleza yote akiwa amesimama, hakukubali kiti. Alitegemea matusi, na alikuwa tayari kuyapokea. Mgonjwa akauliza magazini mbovu ni ngapi. Akaambiwa tisa, na kwamba zimeshatolewa zote. Akasema kwake imechelewa. Fundi akakubali kwamba imechelewa.

"Nitamtafuta Mpole mwenyewe aje," Mama Grisi alisema. "Kama utamruhusu."

"Humtafuti mbali," mgonjwa alisema, akageuzia uso mlangoni. "Kila siku saa ya kutazama wagonjwa naona viatu vyake chini ya pazia. Mwambie aingie."