Simu Zisizo za Kazi

"Kibiti, Kibiti, hapa Mbwera. Mtoto katanguliza mkono. Ova."

Zabibu, mpokea simu za redio wa ofisi ya Kibiti, aliitambua sauti. Ilikuwa ya Sadala, wakala wa kambamiti wa shirika kule Delta, naye alikuwa akimsemea mke wa jirani yake. Mbwera hapakuwa na daktari wala barabara. Palikuwa na tope, mikoko, na redio kol iliyoungwa kwenye betri ya gari. Zabibu akaiita boti ya barafu iliyokuwa ikipakia Nyamisati, akaiambia iache kila kitu iwahi. Mtoto hakuwahiwa. Mama alipona.

Hayo yalikuwa kabla ya kompyuta.

Shirika lilipouzwa kwa mtu binafsi, mwenye mali alitaka kila tawi liwe na kompyuta, na kila meneja aandike mchanganuo wa kuonyesha faida ya kompyuta hiyo. Bwana Haidari, meneja wa Kibiti, alimwita Zabibu ofisini akamkaribisha kiti, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo.

"Hizi simu za redio, zote za kambamiti?"

"Hapana, mzee. Nyingi za watu. Wagonjwa, wazazi, misiba."

"Kuzidi za kazi?"

"Zinazidi mbali." Alisema kwa fahari. Alidhani anasifiwa.

Haidari akaandika kwenye mchanganuo: redio, simu zisizo za kazi. "Umenisaidia sana. Hapo ndipo nilipokuwa nimekwama."

Kompyuta ililetwa imeviringishwa mablanketi kama mgonjwa. Siku hiyohiyo fundi alipanda juu ya bati, akaanza kuteremsha waya wa redio. Zabibu akasimama mlangoni kwa meneja.

"Na watu wa Delta, mzee?"

"Taarifa za mzigo zitakuja na boti, kwa karatasi."

"Nasema watu."

"Watu wana serikali yao. Sisi tunanunua kambamiti."

"Basi waambiwe, wasije wakaita bure."

"Barua itaandikwa."

Barua ilikuwa haijaandikwa bado uchungu ulipomshika Mwantum, mke wa Sadala mwenyewe. Zabibu alikuwa mbele ya kioo cha kompyuta, akijifunza kuingiza kilo za kambamiti. Habari aliletewa baadaye na mabaharia wa boti ya barafu. Sadala aliita mpaka sauti ikamkauka. Hakujibiwa. Akampakia mkewe kwenye mtumbwi, maji yameshakupwa, wakakwama topeni katikati ya mkondo. Mwantum alikata roho pale, mumewe akivuta mtumbwi, tope likimfika kifuani, akimwambia wamekaribia.

Tangu siku hiyo Zabibu akawa anaisikia sauti ya Sadala. Jenereta ikinguruma, ndani ya mngurumo mtu aliita: Kibiti, Kibiti. Mara nyingine alijibu kabla hajajizuia, "Mbwera, nakupata," na wenzake wakatazamana. Nyumbani wali ukikauka sufuriani ulitoa mkwaruzo uleule wa redio, naye aliepua haraka, ukaliwa mbichi, na hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Kisha kampuni ikataka redio za Delta zirudishwe ziuzwe. Sadala hakuitoa yake. Waliotumwa kuifuata walimkuta amekaa mbele yake, anaita. Ndipo polisi wakatumwa kumkamata.

Aliletwa ofisini na pingu mikononi, tope limemkaukia miguuni. Askari akaitua redio mezani kwa Zabibu, kando ya kompyuta.

"Iingize kwenye mali iliyopatikana," Haidari alisema. "Andika nzima."

"Dada Zabibu." Sadala hakupandisha sauti. "Hawa wanasema mimi mwizi, nimeikalia redio kwa tamaa. Wewe ndiye uliyekuwa ukinijibu. Waambie. Siku ile niliita, sikuita?"

Askari akamgeukia Zabibu. "Ulimsikia?"

Zabibu alifungua kinywa. Alikuwa akimsikia hata sasa.

"Redio yetu ilikuwa imeshang'olewa," akasema.

"Nimekuuliza, ulimsikia?"

"Angesikikaje, afande? Watu wa Delta walikuwa hawajaambiwa."

"Kwa hiyo hukumsikia."

"Zabibu," Haidari alisema kwa upole, "mashine inakungoja."

Askari akamshika Sadala mkono. Sadala hakubisha, alimtazama tu yule mwanamke, kama mtu anayesubiri zamu yake ya kusema. Walipomtoa, Zabibu alivigusa vitufe. Kompyuta ilitaka kujua hali ya kifaa. Akaandika: nzima.

Nje walikuwa wakimpandisha Sadala kwenye Landrova, na bado alikuwa anauliza: niliita, sikuita?