Matusi ya Mbalamwezi

Mtu aliyekuwa akiharibu ukurasa wa Kalembwe alikuja tena Jumanne. Pale tulipoandika kwamba kijiji kilianzishwa na wavuvi, yeye aliweka "wezi wa nyavu". Chini akaongeza kwamba huko ugali unapikwa na wanaume, kwa kuwa wanawake wote wamewakimbia.

Nilifuta, nikarudisha maneno ya kwanza. Kazi hiyo hatulipwi. Tovuti inaitwa Vijiji vya Ziwa. Mtu yeyote anaweza kuandika humo habari za kijiji chake, kwa hiyo mtu yeyote anaweza pia kuharibu. Sisi ni walinzi. Madame Nadège, mwalimu, ndiye mkubwa wetu. Ali anaendesha pikipiki, na huniita Ya, yaani kaka. Mimi ni Bonaventure, niliacha shule darasa la nne, nachaji na kutengeneza simu karibu na soko la Baraka. Tunakutana kwenye kibanda changu kwa sababu nina umeme wa jua.

Mlinzi akirekebisha kitu, jina lake linabaki kwenye historia ya ukurasa. Historia ya Kalembwe ni "Bona, Bona, Bona" mpaka macho yanachoka.

Ukurasa ule niliuchagua mwenyewe. Kalembwe iko kusini, njia ya Kazimia, na leo ni majani na mafiga yaliyopoa. Nilizaliwa pale. Vita vilipofika, mimi nilimbeba mama kuelekea milimani, na mdogo wangu Isidore akaingia kwenye mtumbwi wa watu kuvuka upande wa Tanzania. Sijasikia sauti yake tangu siku ile. Mama alikufa akimuulizia. Nimeuliza wenye boti, nimeuliza waliorudi kutoka kambini. Kuna wakati nilijaribu kumwita marehemu, mdomo ukakataa.

"Huyu muntu anakuyaka siku kidogo, kisha anapotea," Ali alisema kibandani juu ya yule mharibifu. "Hana mafranga. Akinunua forfait ya mtandao anatukana, ikiisha ananyamaza."

Nikatazama tarehe za kila mara alipokuja. Zote zilikuwa siku za mbalamwezi.

Nilivua ndagala, dagaa wa huku, tangu utoto mpaka mgongo uliponishinda. Ndagala hufuata taa, na mwezi ukijaa taa haina kazi. Siku hizo wavuvi wa ziwa lote wanakaa nchi kavu. Wanashona nyavu, na wenye simu wanachezea simu.

"Huyu ni mvuvi," nilisema.

"Mvuvi ama mwizi, ni mushenzi tu. Ona, amerudi!" Ali akasoma kwa sauti: "'Mlinzi wa hapa ana kichwa cha kuhe, na anaogelea kama jiwe la kusagia.'" Alicheka mpaka akashika meza. "Ya Bona, huyu anakujua! Ile samaki ni wewe kabisa!"

Mimi sikucheka. Nilikaa chini.

Baba yetu alikataza kuitana kwa jina majini usiku. Alisema jina la mtu halitupwi gizani. Ukitaka kujua kama mwenzako bado yuko kwenye mtumbwi wake, unamtukana. Akikujibu kwa tusi, yuko salama, endelea kuvua. Akinyamaza, unapiga kasia kumfuata. Na "kichwa cha kuhe" lilikuwa tusi langu tangu utotoni. Aliyenipa ni Isidore.

Kumbe kila mwezi alikuwa ananiita. Aliharibu ili jina langu litokee, aone kama nipo. Na mimi nilikuwa nafuta na kunyamaza, kama sheria yetu inavyosema: mharibifu hajibiwi.

Madame Nadège akaingia, akafungua kompyuta yake. "Papa Bona, leo nafunga Kalembwe. Muntu wa inje hataandika tena mule."

"Madame, usifunge."

"Juu ya nini?"

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na kama haiko yeye?"

"Ni yeye. Niache niweke namba yangu ya simu."

"Namba hatuweki, unajua vile batu banazitumia." Akashusha sauti. "Papa, ku kurasa zingine banaandika nani auawe. Nikiacha huyu juu ni ndugu ya mulinzi, bale bengine nitabafuta na mudomo gani?"

 Ana haki. Sheria ile tuliitunga pamoja, hapo hapo kibandani.

Akaanza kuandika neno lake la siri. Nikachukua simu yangu, nikafungua Kalembwe, nikaandika chini ya tusi lake: "Na wewe una meno ya mamba, na unapiga kasia kama bibi harusi."

Ali akaona kwanza. "Ya Bona! Umefanya nini?"

Madame alifuta yote mawili. Alifunga ukurasa. Kisha akaniondoa kwenye walinzi, na hakunitazama wakati wa kubonyeza.

"Sheria, papa."

"Najua."

Lakini kilichofutwa hakipotei kabisa. Kinabaki kwenye historia, mahali pale pale anapotafuta jina langu.

Mwezi ukapungua. Mitumbwi ilitoka kila jioni, na mimi nilisimama ufukweni kuhesabu taa bila sababu, kwa maana taa yake iko mbali kuliko macho. Mwezi ukajaa tena. Nilifungua Kalembwe asubuhi, mchana, jioni. Kimya. Kwa wazimu wangu nilikuwa nimesahau kwamba mlango umefungwa, hata akitaka hawezi kujibu.

Kesho yake Ali alifika bila hata kuzima pikipiki.

"Ya Bona. Kuya uone. Ukurasa wa Kazimia."

Mtu alikuwa ameandika: "Kazimia inapakana na kichwa cha kuhe. Kimezeeka, siku hizi kinajibu polepole. Je, mama yake bado anapiga watu na mwiko?"

Nilisoma. Nikamwambia Ali asome yeye, nisikie.

"Lazima nifute kabla ya madame kuona," alisema. Kisha akanipa simu yake. "Umujibu kwanza. Banifukuze na mimi, niko na pikipiki yangu."

Niliishika ile simu. Nikatafuta tusi. Yapo mengi, mimi na Isidore tulikuwa mafundi. Hakuna hata moja linaloweza kubeba habari ya mama.

"Futa," nilisema.

"Kweli?"

"Futa. Na jina lako litokee, ajue kuna mtu amesoma."

Ali akabonyeza. Nikatoka, nikashuka ziwani. Mitumbwi ilikuwa imevutwa mchangani, nyavu zimeanikwa, wavuvi wanacheza karata. Nikamuuliza mwenye boti wa kwanza niliyemkuta ni lini anavuka.

Ng'ambo kuna mtu ambaye mama yake bado anashika mwiko.