Sura ya Mwisho ya Kitabu cha Torkel

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Hillevi ilifika ukingoni Ijumaa, saa ya kahawa. Kwenye usaili, mkuu wake Torkel alimuuliza kama amesoma kile kitabu kinene cha usanifu wa programu, cha kwanza kati ya vile anavyompendekezea kila mfanyakazi mgeni. Alijibu kuwa amekisoma chote. Nani hasemi hivyo? Sasa muda wake wa majaribio ulikuwa unaisha, na Torkel alikuwa amempa kazi ya kuongoza mjadala wa sura ya mwisho mbele ya wenzake.

Alikisoma kwa mara ya kwanza wiki ile ile, kwenye tramu ya kwenda kazini na jikoni.

Kampuni yao ndogo ya Gothenburg ilitengeneza programu ya kupangia zamu za chumba cha kufulia nguo wanachotumia wapangaji wote kwenye majengo ya ghorofa. Ilikuwa programu moja, na ilifanya kazi. Siku Hillevi alipoanza tu, Torkel, kwa kufuata kitabu, akaamuru ikatwe vipande arobaini vinavyotumiana ujumbe. Tangu hapo zamu zinapotea njiani, na wapangaji wanagombana mlangoni wakiwa na makapu ya nguo chafu.

“Haya mgeni, tupe elimu,” alisema Malte, mwenzake wa meza moja, huku akitafuna andazi la mdalasini.

Hillevi akafungua kitabu, akasoma. Mwandishi alionya kwamba kukatakata programu ni dawa ya kampuni zenye mamia ya watu. Kampuni ndogo isithubutu, itajiumiza bure.

Malte aliacha kutafuna.

“Hebu rudia,” Torkel alisema.

Akarudia.

“Nani mwingine alifika hapo?” Torkel aliuliza. Wote wakainamia vikombe. Akamgeukia Hillevi. “Wewe ulikisoma chote kabla hujaja. Tulipoanza kukata ulikuwa umekaa hapo hapo. Mbona ulinyamaza, mwenzetu?”

Aliiona kazi ikimponyoka, naye hana pa kushika.

“Nilikuwa nimekisoma kama ulivyokisoma wewe,” alisema.

Torkel alikivuta kile kitabu, akakifunga.

“Jumatatu tunaanza kuunganisha vile vipande,” alisema.

“Na majaribio yangu?”

“Nani hapa wa kukupima?”