Mkono wa Mto Alioziba Dhadho

Homa inamlaza Hagodana adhuhuri, kibandani mwa shamba lake la migomba kando ya Mto Tana, naye analala huku bado anagombana. Anagombana na Injinia Kilungya wa mradi, anayetaka kufukua mkono wa zamani wa mto uliopita hapo, ili mafuriko yapate pa kupumulia na kambare wapate pa kuzalia. Vibarua wamechimba mahali pawili, wamekosa. Asubuhi Hagodana alimwambia injinia kuwa hajui ulizibwa wapi. Alidanganya. Marehemu mumewe, Dhadho, ndiye aliyeuziba kwa udongo wa mfinyanzi miaka thelathini iliyopita, apate pa kupanda, na mahali penyewe anapajua Hagodana peke yake. Hawa wametanguliza ramani, anawaza, na ramani ikitangulia, ua wa kukufungia nje ya shamba lako hufuata, na usingizi unamfunika kabla hajamaliza kuwaza.

Anatembea sasa katika barabara ya mchanga, na migomba anayoipita inajipanga upya mbele yake, barabara inapinda, inajirudia, inapinda tena, mpaka anatambua kuwa anakanyaga sakafu ya mto. Mtu aliyevaa kikoi anamwongoza, na pale panapostahili kuwa uso pamekuwa patupu kama kisigino. Umetumwa na watu wa mradi, Hagodana anamwambia. Nimetumwa na waliokosa njia, anajibu yule mtu. Kitendawili. Hagodana hataki, lakini ulimi wake unaitikia, tega. Ukikifunga kwako, hufunguka mlangoni kwa jirani. Ni mto, anawaza Hagodana. Jibu analijua, na kwa sababu analijua anazidi kumshuku aliyetega.

Wanaingia mjini. Ni kijiji chao, ila kila nyumba imesimama juu ya nyumba nyingine iliyopinduka, kama vile ardhi ni kioo, na zile kumi na moja zilizobebwa na mafuriko ya mwaka jana zipo, milango wazi, kambare wenye matumbo ya mayai wanaigonga kwa vichwa. Ndani ya nyumba moja ameketi jirani yake Bi Hamara, aliyezama usiku ule, anapepeta mpunga uliolowa. Karibu, Hagodana. Ulijua? Nilijua nini, Hagodana anauliza, na sauti yake mwenyewe inamsuta. Bi Hamara anapepeta tu, na ungo unatiririsha maji.

Anakimbia. Mji unakimbia naye. Unapoishia, Dhadho amepiga magoti, anashindilia udongo kwa viganja, na yeye ana uso. Hagodana hamwamini. Kama ni wewe, anasema, mbwa wetu wa kwanza tulimwita nani? Hatukufuga mbwa hata siku moja, mke wangu, Dhadho anamjibu bila kugeuka, ulikuwa unawaogopa. Hagodana anamsogelea. Mbona ulinifanya nitunze siri hii peke yangu? Nilidhani mto utasahau, anasema Dhadho, nimechoka kuushikilia, nipokee. Anamnyooshea jembe. Hagodana analitazama kwa muda mrefu, akitafuta mtego, kisha analipokea na kulikita ardhini, na udongo unatoa sauti ya mtu anayeshusha pumzi.

Anafumbua macho. Habone, mke wa mwanawe, anamkanda paji la uso kwa kitambaa. Umerudi, mama. Siku ya tatu hii. Mbali kidogo, majembe yanasikika, na watu wanashangilia. Nani amewaonyesha? anauliza Hagodana. Habone anamwangalia kwa wasiwasi. Si wewe mwenyewe, mama? Juzi jioni ulitoka na homa yako, ukasimama pale kwenye migomba ya kisukari, ukasema chimbeni hapa, Dhadho amechoka. Injinia hakuamini mpaka alipoufikia udongo wa mfinyanzi. Tulikurudisha tumekushika mikono.

Hagodana hakumbuki. Anajikokota nje, Habone akimshika kiwiko. Migomba yake ishirini imelala chini, na mahali iliposimama maji ya rangi ya chai yanaingia taratibu, yananusa ukingo kama mgeni, kisha yanashika njia. Anaitafuta hasira yake, haioni. Injinia Kilungya anavua kofia, anasema, shikamoo mama, mkono huu utabaki kwa jina lako. Maneno ni matamu mno. Hagodana anainama, anachota maji kwa kiganja, anayaonja, anayatema, anayaonja tena. Kisha anasimama wima katikati ya watu wanaoshangilia, anasubiri kuona kama ataamka.