Dakika Nne za Kanuni

Kazini walimwita Kanuni, na jina hilo alilibeba kifua mbele. Mfumo endeshi wa kengele mpya za wodi ya wazazi aliuandika yeye, na waraka wa viwango vya mtandao aliufuata mpaka nukta. Programu ikizimwa, mlango wake wa mtandao, namba inayopitishia ujumbe wake, ulifungwa dakika nne nzima, ili pakiti, yaani vifurushi vya ujumbe, zilizochelewa njiani zisije zikaiangukia programu mpya inayoingia hapo.

"Shemeji, mifumo mingine inakuruhusu kuuchukua mlango hapo hapo," alimsihi mwenzake wa meza ya pili, mdogo wa mkewe, ambaye ofisi nzima ilimwita Chapchap. "Tuongeze mstari mmoja tu kwenye programu."

"Wengine wakikosea, na sisi tupange foleni tukosee?"

Basi siku ya majaribio ikafika, na kwa bahati ya aina yake, kwenye kitanda cha tatu alilala mke wa Kanuni mwenyewe, akisubiri mtoto wao wa kwanza. Uchungu ulikuwa bado unakuja kwa mbali. Kanuni alikuwa hajielewi kwa furaha, anasalimia hata mitungi ya oksijeni.

Chapchap akagundua kwamba kengele ya kitanda cha tano inaonyesha cha sita. Kosa dogo. Kanuni akalirekebisha, akaizima programu, akaiwasha tena kwa mbwembwe mbele ya muuguzi mkuu. Kioo cha kompyuta kikaandika: *Mlango unatumika.*

Dakika nne zikaanza, kengele zote zimezimika. Hapo ndipo uchungu ulipomshika mkewe ghafla, akabonyeza kitufe cha kengele. Kimya. Akabonyeza tena.

"Baba nanihii! Mbona hailii?"

"Italia, mke wangu. Inangoja pakiti za ile programu iliyokufa."

"Mimi nazaa, wewe unanisubirishia marehemu?"

Chapchap alishika ukuta kwa kicheko.

"Dakika nne tu," Kanuni alibembeleza, jasho likimtoka. "Ndivyo kiwango kinavyosema."

"Kiwango kamwambie mtoto!"

Loo! Kanuni alitoka mbio ukumbini kama aliyemwagiwa maji ya moto. "Ngriii! Ngriii! Kitanda cha tatu!" Mkunga akachomoka chumba cha dawa, glavu moja mkononi, nyingine mdomoni. Wagonjwa wengine, walipoona kengele yenye miguu, nao wakataka huduma.

"Na mimi, kaka! Cha tano, maji!"

"Ngriii! Cha tano, maji!"

"Cha saba, mto!"

"Ngriii! Cha saba, mto!"

Wodi nzima ikaangua kicheko, mpaka muuguzi mkuu, aliyesifika kwa kununa, akajifuta machozi kwa kofia. Kanuni alikuwa amebeba mto huo kichwani pale sauti nyembamba ya hasira ilipopasua hewa kutoka kitanda cha tatu. Akaudondosha mto, akasimama. Alikuwa baba. Alicheka, akalia, akasahau kipi kilianza.

Ndipo dakika nne zikatimia, kengele zote zikaamka na kulia kwa pamoja, safi kabisa, kwa mujibu wa waraka.

Alipokwisha kumbusu mkewe na kumpakata binti yake, Kanuni aliketi sakafuni ukumbini, kompyuta mapajani, akaanza kuandika ule mstari mmoja.

Chapchap alimwinamia. "Shemeji, na kiwango je?"

"Kiwango kinawangoja waliochelewa," alisema, macho bado yana maji. "Wangu kawahi."