Bibi Asunta Hayumo Ubaoni

Kwa miaka kumi na tisa Zenobia alijaza rangi kwenye sketi na kofia za watu waliochorwa kwenye mbao za koo. Shemeji yake Teodomiro, mkuu wa wachoraji wa Sarhua, kijiji cha milimani Peru, anachora sura; yeye anajaza rangi. Na jina linaloandikwa? La shemeji, tena kwa herufi zilizoshiba.

Siku ya kuezeka nyumba ya Eleuterio na Paulina, msimamizi wao wa ndoa alileta ubao wa ukoo, magitaa mbele, chicha, ile pombe ya mahindi, nyuma. Ndugu wote lazima wawe wamechorwa humo, ndipo upandishwe kwenye boriti na paa lifuate. Watu wakausogelea, kila mtu akijitafuta.

"Mimi huyu! Mbona miguu mifupi?"

"Ndiyo yako hiyo, usimsingizie mchoraji!"

Bibi Asunta, nyanya yake Paulina, akakagua mara mbili. Akakagua na nyuma ya ubao.

"Ng'ombe yupo," akasema. "Mbwa yupo. Mimi je, nimeshakufa hamjaniambia?"

Teodomiro alikuwa amemsahau. Bibi akaenda kukalia mzigo wa nyasi za kuezekea, na wanawake wote wa upande wake wakamfuata, kila mmoja akakalia mzigo wake. Bila nyasi, paa litoke wapi?

"Mchore basi!" watu wakamhimiza Teodomiro. Lakini tangu asubuhi chicha ilikuwa na njia moja tu, koo lake. Unyoya wa kuku wa kuchorea ukamtetemeka mkononi kana kwamba kuku mwenyewe bado yumo.

"Zenobia," akanong'ona, "niokoe."

"Nitachora. Ila jina langu liandikwe."

"La mwanamke? Wachoraji wenzangu watanicheka!"

"Kwani sasa hivi wanakulilia?"

"Mpe unyoya, mlevi we!" Bibi Asunta akapaza sauti kutoka kwenye nyasi. "Makalio yananiwasha!"

Teodomiro akampa Zenobia unyoya. Nafasi ilibaki moja tu, juu kabisa, kando ya jua lililochorwa. Zenobia hakupima wala hakuuliza mtu. Akamchora Bibi ameketi mawinguni, akisokota miale ya jua iwe uzi.

Bibi akaja, akatazama, akashika kiuno. "Haya, nani yuko juu yangu?" Akacheka mpaka kofia ikamdondoka, na wanawake wake wakainuka.

Teodomiro akanyoosha mkono aandike lile jina. Zenobia akausukuma pembeni taratibu.

"Hapana, shemeji. Hili naliandika mwenyewe."

Akapiga magoti mbele ya kijiji kizima, akaandika chini kabisa, pale ubao unapoanzia kusomwa, maana husomwa toka chini kwenda juu: *Zenobia Ccorahua, mchoraji*.

Magitaa yakalipuka. Ubao ukapanda, nyasi zikafuata, na kabla paa halijafika nusu, wanawake watatu walishamvuta Zenobia kando, kila mmoja ana binti anayejenga mwaka huu.

"Foleni, akina mama," Zenobia akasema, rangi hadi viwikoni. "Wa kwanza nani?"